Kabla ya kumpa mtoto jina, msikilize akisoma

Ndugu Mhariri,

Kila muhula unapoisha na ripoti kutoka, wazazi wengi siku hizi wanakuja shuleni na jina tayari la kumpa mtoto. Huyu ni "mtoto wa kuona". Yule ni "wa kusikia". Wa tatu ni "wa vitendo, vitabu havimwingii kabisa". Mara nyingi jina hilo limetoka kwenye dodoso la maswali machache lililojazwa kwenye simu. Nia ya mzazi ni njema: anataka kumjua mwanawe na kumsaidia kwa njia inayomfaa. Sisi tunaofundisha madarasa ya mwanzo tunaomba nafasi kwenye gazeti lako kusema kwamba jina hilo halimsaidii mtoto, na mara nyingine linamdhuru, kwa sababu linageuka kuwa ruhusa ya kumwacha asisome. Mtoto aliyeitwa "wa vitendo" akiwa darasa la pili anaweza kufika la nne akiwa bado anakokota sentensi moja kwa dakika nzima. Hapo anakutana na upimaji wa kitaifa, ambako hata swali la hisabati na la sayansi limeandikwa kwa maneno.

Majina hayo yana asili yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, alitoa nadharia ya akili nyingi: kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa lugha, wa muziki, wa kutumia mwili, wa kuelewana na watu, na kadhalika. Miaka ya 1990 Neil Fleming wa New Zealand akaeneza dodoso la kuwagawa wanafunzi kwa namna wanavyopenda kupokea somo. Watu wakayachanganya haya mawili, ingawa Gardner mwenyewe amekana kwamba akili nyingi ni mitindo ya kujifunzia. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwapo, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopewa na dodoso. Kusoma kunamtaka kila mtoto atumie viungo vyote kwa pamoja: jicho linaona "ba", sikio linaikumbuka sauti yake, mdomo unaitamka.

Hatusemi kwamba watoto ni sawa. Wanatofautiana sana, ila tofauti zinazofaa kujulikana ni nyingine. Mtoto amefika ngazi gani ya kusoma? Anakwama wapi hasa? Kiswahili cha kuzungumza anacho kiasi gani? Macho na masikio yake yakoje? Na kitu gani anakipenda hadi anasahau kula? Manne ya kwanza yanaanza kuonekana ukimsikiliza akisoma. La tano linaonekana ukimwangalia akicheza.

Kumsikiliza kunachukua dakika tano. Chukua karatasi moja. Juu andika silabi 10 zilizochanganywa, zisifuate wimbo wa a, e, i, o, u ambao mtoto ameshaukariri: tu, me, ko, bi, sha, nda, mwe, nyo, ng'a, kwi. Chini yake andika maneno 10: kuku, meza, kaa, mtu, ndizi, ng'ombe, shamba, mbuzi, chakula, wanacheza. Chini kabisa iwepo aya fupi. Tunaiweka hapa ili mzazi aikate gazetini na kuitumia:

Asha ana kuku mweupe. Kuku huyo ametaga mayai matano kwenye kona ya banda. Kila asubuhi Asha humpa mtama na maji. Jana paka aliingia bandani. Kuku alipiga kelele, paka akakimbia.

Ni maneno 29. Kaeni mahali patulivu, wewe na mtoto peke yenu, kwa maana ndugu zake wakiwepo watajibu kwa niaba yake. Usimwambie ni mtihani. Mwanzishe na silabi. Akipata 8 kati ya 10, nenda kwenye maneno. Akipata 8 tena, nenda kwenye aya. Akikosea usimsahihishe wala usikunje uso. Weka alama ndogo ya penseli juu ya palipomkwamisha na uandike alichotamka. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kuanzia. Akimaliza aya, funika karatasi na umuulize maswali matatu: Kuku ametaga mayai mangapi? Kwa nini paka alikimbia? Unadhani paka alifuata nini bandani? Jibu la swali la kwanza limeandikwa wazi. La pili linamtaka aunganishe mambo mawili. La tatu halijaandikwa popote. Mtoto aliyeelewa atasema mayai, au kuku mwenyewe, au panya wanaofuata mtama. Lipokee jibu lolote lenye sababu.

Ukimaliza utajua kama mtoto bado yuko kwenye silabi, au anajua silabi lakini neno linamshinda, au anasoma neno lakini aya inamchosha, au anaitiririsha aya yote bila kujua imesema nini. Darasa alilomo halitakuambia hilo. Wanaofuatilia ripoti za Uwezo, mpango uliowapima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, wanajua kuwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili huwashinda watoto wengi waliovuka darasa hilo zamani.

Kuna mtego mmoja. Watoto wengi hawasomi kitabu, wanakiimba. Darasa la watoto 90 likisoma kwa pamoja nyuma ya mwalimu, asiyejua herufi hata moja atafungua mdomo sawasawa na wenzake, na jioni nyumbani atakufungulia ukurasa na "kuusoma" wote huku macho yake yako kwenye picha. Kumgundua ni rahisi: funika picha kwa kiganja, mwambie aanze na mstari wa mwisho, kisha weka kidole kwenye neno moja katikati ya sentensi na umuulize hili ni neno gani. Anayeimba atarudi kimoyomoyo mwanzo wa wimbo ili alifikie.

Sasa tuzitazame alama za penseli. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni bahati kubwa kwa mtoto wetu, lakini kina vikwazo vyake, na kila kosa lina tiba yake.

Kosa la kwanza ni kutounganisha. Mtoto anasema "ka", "la", "mu", kila silabi kwa nguvu ileile, kisha anakutazama kana kwamba amemaliza. Hajasikia neno. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na asiyeuweka hatalitambua hata neno analolitumia kila siku. Mwambie azisome tena haraka bila kupumzika katikati, akivuta kidogo ile "la". Usimtajie neno. Muulize: "Nyumbani kitu hiki tunakiitaje?" Akicheka ujue amelipata.

La pili ni ile m inayosimama peke yake. Mtoto amezoeshwa kwamba konsonanti daima ina irabu mgongoni, kwa hiyo "mtu" anaisoma "mutu" na "mtoto" anaisoma "mutoto". Mpigishe makofi: m-tu, makofi mawili, m-to-to, matatu. Kisha mwonyeshe "mbu" na "mbuzi". Kwenye "mbu" ile m ina kofi lake, m-bu. Kwenye "mbuzi" imejishikiza kwa jirani yake, mbu-zi. Hali ni hiyohiyo kwa "nchi" na "nge" upande mmoja, na "ndege" na "njia" upande mwingine. Watoto wengi wanaoonekana wazito wamekwama hapa tu, na hakuna aliyewaambia.

La tatu ni irabu zinazofuatana. "Kaa" inasomwa "ka", "saa" inakuwa "sa", "kuu" inakuwa "ku". Mtoto anadhani herufi ya pili imeandikwa kwa bahati mbaya. Aguse kila irabu kwa kidole huku akiitamka. La nne ni "ng" na "ng'": ving'amuzi, ng'ombe, kung'aa dhidi ya ngoma, nguo, kanga. Kile kialama cha juu mtoto hakioni kama sehemu ya herufi mpaka ukipake rangi nyekundu kwa wiki nzima. La tano ni b na d. Kosa hapa ni letu watu wazima, tunaozifundisha wiki moja kwa sababu zinafanana. Ziachanishe. Fundisha b mpaka ikae, pitisha herufi nyingine tatu au nne, ndipo ulete d.

La sita linawakuta wanaojiona wameshajua: vitenzi virefu. "Hawakutusaidia" ni neno moja lenye habari ya sentensi nzima, na jicho la mtoto linapoliona linataka kukimbia. Mwanzishe nyuma. Andika "saidia", asome. Ongeza "tusaidia", asome. Kisha "wakutusaidia", ambalo si neno kamili bado, halafu "hawakutusaidia". Fanya hivyo kwa vitenzi vitatu kila siku. Baada ya muda ataanza kuviona viambishi kama vipande anavyovijua tayari, na kasi yake itabadilika.

Yapo pia yasiyo makosa ya kusoma. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kusoma "kalatasi" akiwa ameiona r vizuri kabisa. Mwingine atasema "zambi" pale palipoandikwa "dhambi", au "apa" badala ya "hapa". Hiyo ni lafudhi. Ukimkatisha kila mara atajifunza kwamba kusoma ni kuzomewa. Muulize maana, akiijua, mwache aendelee, matamshi yatafuata kwa kusikia. Na mtoto anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza ana mzigo wa ziada: huko herufi e inaitwa "ii" na i inaitwa "ai", kwa hiyo "kiti" na "kete" zinamchanganya. Mfundishe sauti badala ya majina ya herufi, na mkiweza mumalize kusoma kwa lugha anayoizungumza kabla ya kuhamia nyingine.

Chagua kosa moja tu, lile lenye alama nyingi zaidi, ulishughulikie dakika 10 kwa siku kwa wiki mbili. Mzazi anayetaka kurekebisha yote Jumamosi moja kwa saa tatu humaliza siku kwa makofi yasiyo ya silabi.

Hapa ndipo vipaji vinapopata kazi yake. Mtoto anayependa kusimulia, yule ambaye ukimwambia "hadithi hadithi" anadakia "hadithi njoo" kabla hujapumua, mwache akuhadithie jambo la siku hiyo. Andika sentensi tatu katika maneno yake yaleyale, kwa maandishi makubwa, mstari kwa mstari: "Leo mbwa wa jirani alikula mkate wangu. Nililia. Mama akanipa muhogo." Hilo ni somo lake la leo. Ataliweza kwa sababu maneno ni yake, na hawezi kuliimba kwa sababu halikuwepo jana. Kesho mkate karatasi iwe vipande vya neno mojamoja, avipange upya. Baada ya wiki tatu ana kitabu kidogo cha kurasa 20 ambacho bibi yake atataka kusomewa.

Anayependa mikono mpe vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vinatosha 30, na kalamu ya wino usiofutika. Vifuniko 10 viwe vya irabu, kila irabu mara mbili. Vifuniko 12 viwe vya ka, ba, ta, la, ma na sa, kila moja mara mbili. Vinane vilivyobaki viwe ku mara mbili, ki, ti, mu, le, to na pa. Piga mstari chini ya kila silabi, la sivyo ataishika kichwa chini miguu juu na kukuambia ni kitu kingine. Kisha mchezo: mtengenezee "paka", mwambie abadilishe kifuniko kimoja tu apate "pata", kisha "bata", kisha "bati", kisha "kati", kisha "kiti". Kila hatua ni kifuniko kimoja. Mtoto aliyekataa daftari kwa mwaka mzima anaweza kukaa mkekani nusu saa kwa ajili ya hili. Irabu za ziada ndizo za "kaa", "taa", "saa" na "ua".

Mpenda mpira anza naye gazetini, Jumatatu, kwenye msimamo wa ligi. Kwanza majina ya timu, kisha majina ya wafungaji, kisha maelezo yaliyo chini ya picha, ambayo kwa kawaida ni sentensi moja. Jihadhari asitambue timu kwa rangi ya nembo: andika "Simba" na "Samba" kwa mkono wako, uone kama anatofautisha. Mpenda nyimbo mwandikie wimbo wa makofi anaoujua, afuate kwa kidole huku akiimba, kisha ukate mistari na kuivuruga. Anayependa kutumwa dukani mpe orodha aisome mwenyewe mbele ya muuzaji: sukari nusu kilo, chumvi pakiti moja, vitunguu fungu moja. Akirudi na kitu kingine, sababu ipo kwenye orodha, na mnaisoma tena pamoja bila kelele. Mchoraji aandike sentensi moja chini ya kila mchoro.

Lakini anachokipenda ni mlango tu, na mlango huo lazima umpitishe afike ndani. Tatizo tunaloliona kwa wazazi wenye bidii ni kumweka mtoto miezi yote kwenye anachokipenda, kwa sababu hapo hakuna machozi. Baada ya wiki mbili au tatu changanya: siku nne anachokipenda, siku tatu hadithi asiyoijua.

Kitabu cha kusoma mwenyewe kipimwe kabla ya kukabidhiwa. Hesabu maneno 20 kwenye ukurasa wowote, asome. Akikwama zaidi ya mara mbili, kitabu hicho ni kizito kwake kwa sasa. Kitumie wewe kumsomea. Asipokwama hata mara moja, mwache akifurahie kwa siku chache kisha mtafutie kinachofuata. Watu hudharau kitabu chepesi, na hilo ni kosa. Kasi inajengwa kwenye kitabu chepesi kinachorudiwa mara tatu au nne.

Kumsomea ni jambo jingine, na lisikatishwe hata mtoto akishajua kusoma. Dakika 15 kila siku, kabla ya giza kama umeme ni wa shida. Soma kitabu kilicho juu ya uwezo wake, maana hapo ndipo anapookota maneno ambayo mtaani hayasemwi: "nyemelea", "ghafla", "ukingo". Onyesha jalada, muulize anadhani kitahusu nini. Simama mara mbili au tatu tu, mahali penye mashaka, umuulize kitafuata nini. Ukifika mwisho mwambie akusimulie. Usiulize maswali kumi. Ataona ni mtihani na kesho atajidai ana usingizi. Nyumba inayozungumza Kimaasai au Kigogo imsimulie kwanza hadithi hiyo kwa lugha ya nyumbani, kisha isomwe kwa Kiswahili. Na mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Anaweza kukaa karibu, kumwambia "nisomee", kusikiliza kama sentensi zina maana, na kusema "hapo sijaelewa, rudia". Sikio la mama linajua sentensi ya Kiswahili iliyovunjika hata kama jicho halijui herufi.

Vitabu havipatikani kila mahali, tunalijua hilo. Hata hivyo vipo zaidi ya wengi wanavyodhani. Maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba zina vitabu vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi za Kiswahili kwa umri mbalimbali. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure. African Storybook ya Afrika Kusini ina hadithi fupi zenye picha, za Kiswahili zikiwemo, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. Hadithi ya kurasa nane ikichapwa kwenye karatasi mbili na kushonwa katikati kwa uzi hudumu muhula mzima.

Ila vitabu peke yake havitoshi, na ushahidi wa hilo upo hapa jirani. Miaka ya 1990 shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti, akiwemo Michael Kremer, walilinganisha shule zilizopata na zisizopata. Walionufaika walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine hawakusogea, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na juu ya uwezo wao. Baadaye, magharibi hukohuko, utafiti mwingine wa Kremer pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas uliwagawa watoto wa darasa la kwanza kwa kiwango walichoanza nacho, na makundi yote mawili yalipanda, la chini na la juu. Shirika la Pratham nchini India limefanya kazi kama hiyo kwa miaka mingi: watoto wanapangwa kwa ngazi ya kusoma, si kwa umri, kwa muda maalumu wa siku. Kremer na Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 kwa utafiti wa namna hii.

Kwa shule yetu yenye watoto 90 darasani, inawezekana hivi. Wiki ya kwanza ya muhula kila mwalimu awapime watoto wanane kwa siku kwa karatasi ile ya dakika tano. Walimu watatu wakigawana darasa, siku nne zinatosha. Kisha dakika 45 za asubuhi, madarasa mawili au matatu yachanganywe na kugawanywa kwa ngazi. Kundi la silabi liwe dogo kuliko yote na lipewe mwalimu aliye bora. Desturi ya kumpa mwalimu huyo darasa la mtihani inawanyima wanaomhitaji zaidi. Wapimwe tena kila baada ya wiki sita na kuhamishwa. Wasipohamishwa, kundi linageuka muhuri wa mjinga, na makundi yasiitwe "wazito" na "wepesi" hata kwa utani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unasisitiza umahiri wa mtoto. Tunaomba ratiba ziyape nafasi makundi haya.

Kuna watoto ambao tatizo lao si mbinu. Anayeshika kitabu karibu na pua, anayefumba jicho moja, anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, ahamishiwe dawati la mbele leo na apelekwe hospitali kupimwa macho wiki hii. Anayetoka usaha sikioni, au asiyegeuka ukimwita taratibu kwa nyuma kutoka hatua tatu, naye apimwe masikio. Mwaka mzima wa sauti zisizosikika haulipwi na fimbo.

Yupo pia mwenye ugumu wa kusoma unaoitwa diseleksia, ambao asili yake ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti na maandishi. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kiswahili, mtoto huyu huweza kusoma kwa usahihi ila polepole mno, ndiyo maana anapita bila kuonekana. Anaeleza vizuri kwa mdomo, anahesabu fedha dukani bila kukosea, lakini akiwa darasa la tatu, baada ya miezi ya msaada wa kila siku, bado anasoma silabi kwa silabi. Mara nyingi kuna ndugu au mzazi aliyekuwa hivyohivyo. Apewe muda zaidi, maandishi makubwa, mistari iliyoachana, na mtu wa kumsomea maswali ya masomo mengine ili asibaki nyuma kwa yote. Mazoezi ya silabi yaendelee. Halmashauri zina maofisa wa elimu maalumu. Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu mkuu amuunganishe nao.

Mengi yanaharibikia kwenye mambo madogo. Kusoma kutumiwa kama adhabu: "Hutoki kucheza mpaka umalize kurasa kumi." Kumlinganisha na dada yake. Kumtajia neno sekunde ileile anapokwama. Hesabu moyoni moja mpaka tano kwanza, kisha mpe silabi ya mwanzo tu. Kumsomesha saa mbili usiku akiwa amechoka na njaa. Na simu ya mzazi inayolia katikati ya hadithi, ikapokelewa.

Kwa gazeti lako, Mhariri, tuna ombi mahususi. Tenga robo ukurasa mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki ili wazazi wauzoee. Weka aya moja ya maneno 30 hadi 60, herufi za pointi 18, mistari iliyoachana, bila neno kukatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari, maana hapo mtoto hukwama. Chini yake maswali matatu kwa mpangilio ule wa Asha na kuku wake, na kitendawili kimoja ambacho jibu lake litatoka wiki inayofuata. Nakala inapomaliza kusomwa na watu wazima kwa kawaida hufungia vitumbua na karanga. Ukurasa huo tutaomba wazazi waukate kwanza. Aya 12 za majaribio, zilizopangwa kutoka nyepesi hadi nzito, tumeshaziandaa na tuko tayari kuzileta ofisini kwako bila malipo.

Ni sisi,
Walimu wa madarasa ya awali, la kwanza na la pili,
Morogoro